Safu ya Saba

Daftari la uzazi la mwaka ule
lina doa la mafuta ya taa kwenye mwezi wa nne.
Machi: majina arobaini na mawili.
Aprili: kumi na saba.
Bwana takwimu alipofika kutoka Kiryandongo,
barakoa kidevuni, kalamu sikioni,
alicheka kidogo: Sista,
wanawake wa huku wamegoma kuzaa?

Sikumjibu. Nilikuwa naanika glovu
ambazo hazikutengenezwa zioshwe.

Mimba haisikilizi redio.
Zilizotungwa Julai, mahindi mapya
yakianikwa kando ya lami ya Bweyale,
zilikuwa na miadi Aprili,
na miadi ilitimia usiku, kama ada,
ikakuta barabara imelazwa gogo.
Wametangaza: nchi imefungwa.
Na lugha hii, isiyo na huruma kwa wakunga,
ikaniuliza: sasa nani atajifungua?
Kitenzi ni kimoja. Funguo ziko kwa mkuu wa wilaya:
kibali kina muhuri, muhuri una ofisi,
ofisi iko maili ishirini
na saa kumi inafungwa.

Onzima alikuwa na bodaboda, tangi limejaa.
Ila bodaboda siku zile ilikuwa ya mizigo,
gunia ndiyo, mtu hapana.
Basi akamfunga Driciru kwa mpira wa baiskeli,
akamfunika magunia matatu,
akaweka na mkungu wa matoke mgongoni pake,
akawasha.

Kizuizini mgambo akamulika tochi.
Umebeba nini?
Mahindi.
Na mahindi yakaguna.

(Driciru mwenyewe akifika hapo hucheka
mpaka anashika ubavu. Mimi sijaweza.)

Mgambo mmoja alitoa upepo wa magurudumu, yote mawili.
Amri ni amri.
Mwenzake, kijana, aliweka bunduki chini
akashika taa ya simu kwa mikono miwili,
uso ameugeuzia gizani,
akimwita mama yake kwa Kiacholi.

Nilifika kwa miguu, maili tatu, saa tano usiku,
begi begani, barakoa imelowa jasho.
Mtoto alikuwa ameshatoka.
Bluu. Kimya. Amelazwa juu ya gunia
lenye maandishi ya msaada.
Mwongozo uliobandikwa ukutani kwetu ulisema
usisogeze uso wako karibu na uso wa mgonjwa.
Nilishusha barakoa.
Nikafunika pua na mdomo wake kwa kinywa changu,
pumzi ndogo, ya shavuni tu, tena, na tena,
pumzi ileile ambayo dunia nzima
ilikuwa inaikimbia.

Alilia mara ya kumi na moja. Au ya ishirini.

Anaitwa Munguci. Ana miaka mitano.
Hasemi bado. Mguu wa kushoto anauburuta.
Akisikia pikipiki hupiga makofi.

Asibazuyo hakuwa na pikipiki.
Alikuwa na toroli la shamba na shemeji.
Siandiki zaidi hapa; mama yake anajua kusoma.

Safu ya saba ya daftari inaitwa Maelezo.
Upana wake ni kidole gumba.
Kwa Driciru niliandika: njiani.
Bwana takwimu alipitisha wino mwekundu,
akasema njiani si kituo cha afya,
na kwa kweli si kituo cha afya.
Kumi na saba, basi. Hesabu yake ni sahihi.
Ni ya waliofika.

Wengine niliwaandika pembeni, nje ya mistari,
kwa penseli, nikienda nyumba kwa nyumba
baada ya magogo kuondolewa:
ishirini na watatu, na mbele ya kila jina
alama ambayo ni mimi tu ninayeijua.
Penseli inafifia.
Kila mwezi wa nne, zamu ya usiku, wodi ikitulia,
naikata ncha
nayapitia tena, herufi kwa herufi.